Kifaru Kimoja kwa Mapacha Wawili

Mama yangu hakuwahi kuitwa kwa jina langu. Majirani wote wa Ilembo, muuza mafuta ya taa, walimu wa shule, hata katekista aliyekuwa mgeni kabisa mtaani, walimwita Mama Mapacha. Mimi nilizaliwa miaka miwili baada ya hao mapacha, peke yangu, na kwa jinsi nilivyoliona jambo hilo utotoni, nilikuja kama nyongeza ya mwenye duka: umeshapimiwa kilo yako, anakuongezea kidogo juu kwa hisani. Nilikuwa na wivu. Nasema mapema nisije nikaonekana najipamba. Ulikuwa wivu wa kweli, wa kukaa nao mezani na kulala nao, na sehemu yake bado ninayo.

Sisi ni Wasukuma tuliohamia Mpanda na ng'ombe wakati mimi bado nabebwa mgongoni. Baba alikaa na mifugo upande wa Kabungu. Mama na bibi mzaa baba walibaki nasi mjini kwa ajili ya shule. Kwa watu wetu, mapacha si watoto wa kuchezea. Wana ngoma zao, wana dawa zao, na wana sheria moja ambayo bibi aliisimamia bila kuchoka: akipewa mmoja, apewe na mwenzake, kitu kile kile, siku ile ile. Ukimpa mmoja ukamnyima mwingine, aliyenyimwa ataugua. Kwa hiyo nyumbani kulikuwa na mashati mawili, mabegi mawili, kuku wawili weupe. Pacha mkubwa akinyolewa, mdogo naye ananyolewa, hata kama alinyolewa juzi. Mimi nilirithi shati la mmoja wao likishambana, na sikuwahi kujua lilikuwa la yupi.

Usidhani walikuwa wanafanana kwa tabia. Pacha mkubwa, aliyemtangulia mwenzake kwa robo saa, alikuwa mtu wa mpira. Vitu vya kushika na kutulia navyo vilimshinda. Akikatwa ukucha anavuta mkono. Pacha mdogo ndiye aliyekuwa na mikono. Alifinyanga ng'ombe wa udongo wenye nundu na mikunjo ya shingo, ukimtazama unajua ni dume la nani. Watu wazima walimletea baiskeli zao azitengeneze.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa fundi wa injini za treni. Katikati ya miaka ya tisini kazi yake ilimpeleka Ulaya kwa miezi kadhaa kujifunza, na aliporudi alipanda treni ya kutoka Tabora akaja kutusalimia. Alimletea mama sweta, bibi blanketi, mimi pakiti ya peremende. Mapacha, ambao sasa walikuwa na miaka kumi na mitano, aliwaletea boksi lenye picha ya kifaru cha vita kikipanda kilima katikati ya vumbi. Boksi moja.

Ndani hakukuwa na kifaru. Kulikuwa na fremu za plastiki ya kijani iliyofifia, na kila fremu imejaa vipande vidogo vilivyoshikiliwa kwa vijiti, kila kimoja na namba yake. Mjomba alitueleza kwamba unavikata, unavigundisha kimoja kimoja kwa kufuata picha, na mwisho unapata kifaru kamili chenye urefu wa kiganja na nusu, na kichwa chake kinazunguka. Alisema Ulaya kuna watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, wanakaa kutwa nzima wakifanya hivyo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza boksi la pili liko wapi. Mjomba akacheka. Akasema ndiyo maana amenunua moja, walitengeneze pamoja, mapacha wana mikono minne.

Bibi hakucheka. "Kitu kimoja hakiingii kwa mapacha," alisema. "Wewe umekaa mbali sana. Mpe huyu aliyewafuata."

Hivyo ndivyo nilivyopata kifaru, msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye hakujua hata kinaliwa au kinavaliwa. Pacha mkubwa alikuwa ameshatoka kwenda uwanjani. Pacha mdogo alikuwa ameinua fremu moja kwenye mwanga wa dirisha, anaigeuza taratibu. Aliirudisha ndani, akafunga kifuniko, akanikabidhi boksi kwa mikono miwili bila kunitazama. Sikukitaka kile kifaru. Nilichokitaka ni ule uso wake ulionyong'onyea ubaki vile vile kwa muda kidogo.

Mjomba aliondoka na treni iliyofuata. Mimi nikaweka meza barazani, mahali ambapo kila anayepita lazima anione, nikaanza. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na maandishi ambayo hakuna mtu Ilembo angeweza kuyasoma, lakini picha na mishale vilieleweka, au nilidhani vinaeleweka. Sikuwa na wembe, na sikuona sababu ya kuuomba. Vipande nilivinyofoa kwa vidole kama mtu anayechambua mchicha, nikaacha vikonyo vinavyochoma, na vingine vikakatika ncha. Gundi ilikuwa kwenye tyubu ndogo. Niliikamua kama dawa ya meno. Ikatoa nyuzi nyuzi, ikaingia kwenye kucha, na mahali nilipobonyeza ubavu wa kifaru plastiki ikalainika, alama ya dole gumba langu ikabaki pale daima.

Pacha mdogo alikaa kwenye ngazi, hatua tatu kutoka mezani, akisafisha mnyororo wa baiskeli ambao ulikuwa umeshakuwa safi tangu asubuhi.

Siku ya pili alisema kwa sauti ya chini kwamba gurudumu la ndani nimeligeuza. Nikamwambia atazame baiskeli yake. Nilijua amesema kweli, kwa sababu gurudumu lilikuwa limeinama kabisa. Kesho yake nikalibandika lingine hivyo hivyo, kichwa chini, kwa makusudi, ili aone kwamba sijamsikiliza. Wivu una ujinga wake, na mimi niliutumia wote. Siku ya nne tyubu ikaisha. Mezani kulikuwa na sakafu ya kifaru na magurudumu machache yaliyokuwa yakiangalia kila upande.

Nikaliweka boksi juu ya kabati, nikajifanya nimechoka nalo.

Zikapita siku mbili tatu. Pacha mdogo akaja na kichupa cha dawa ya kikohozi kilichooshwa. Alikuwa amekwenda Shanwe kwa fundi anayepiga magari rangi, akamfagilia uwanja wake, akapewa thina kidogo, ile ya kuyeyushia rangi. Kwenye thina alitumbukiza vijiti vya fremu, vile nilivyokuwa natupa, akavikatakata na kuviacha vilale humo. Vikayeyuka vikawa uji mzito. Alinionyesha vipande viwili vya taka alivyoviunganisha kwa ule uji, nikavuta, havikuachana. Nikanyoosha mkono nichukue kichupa. Hakunipa. Alikuwa mpole kama kawaida yake, lakini hakunipa, na nikaelewa kwamba gundi inakuja na mwenyewe.

Kabla sijajibu, bibi alikuwa ameshaona. Alitoka jikoni na ungo wake, akakaa, akatoa hukumu.

"Akigusa huyu, na yule aguse," alisema. "Idadi iwe sawa. Nyie msinichezee."

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza sawasawa.

Kila alasiri baada ya shule pacha mdogo alikaa mezani kwangu. Yeye alikata kwa wembe, akasugua vikonyo kwa kipande cha msasa, akapaka gundi kwa ncha ya njiti ya kiberiti. Magurudumu yangu yaliyopinda aliyabandua taratibu, akayasafisha. Kila kipande alichokibandika, alimwekea mwenzake kingine cha mfano wake. Kifaru kilimsaidia, kwa sababu karibu kila kitu chake kina upande wa kulia na wa kushoto: mkono huu wangu, ule wa kaka. Kikiwa tayari, alisimama kwenye kona ya nyumba akapiga mluzi.

Na pacha mkubwa alikuja. Hilo ndilo lililonikera. Alikuja mbio kutoka uwanjani, magoti yamejaa vumbi, jasho linamtiririka, akasimama mahali alipoelekezwa, akabonyeza kipande kwa dole gumba, akahesabu mpaka ishirini, akarudi mbio. Hakuuliza ni kipande gani. Hakuuliza kitakuwa nini. Mara tano, mara sita kwa alasiri moja. Siku moja alikuwa anajiandaa kupiga penalti, mluzi ukalia, akamwachia mwingine mpira. Minyororo ya kifaru, ile mikanda miwili ya mpira inayozunguka magurudumu, ncha zake ziliunganishwa kwa bisibisi iliyopashwa moto kwenye jiko la mkaa, mmoja aliunganisha huyu, mwingine yule. Pacha mkubwa akajiunguza kidole, akakinyonya, akacheka, akaondoka kama alivyokuja.

Mtu huyo huyo nilikuwa namwomba mwaka mzima anisaidie kubeba maji kutoka kisimani. Hakuwahi kunisikia hata mara moja.

Mimi ndiye niliyekuwa mwenye mali. Kazi yangu ilikuwa kushika karatasi ya picha isipeperushwe na upepo. Niliwatazama wakiwa wameinama, vichwa vimekaribiana. Mmoja alisogeza kiwiko na mwenzake akapisha kabla hajaombwa. Wiki tatu nilikaa pale nikiomba kimoyomoyo waharibu kitu wagombane, mmoja amwambie mwenzake mjinga wewe. Hawakugombana. Nilitamani kuwa na mtu wa namna ile hata kwa siku moja, na kwa kuwa sikuwa naye, nilitamani wao pia wasiwe naye.

Ukabaki mtutu.

Kifaru kina vitu viwili viwili, lakini mtutu ni mmoja. Pacha mdogo alikuwa ameliona hilo tangu mwanzo. Mtutu wenyewe ulikuja kwa nusu mbili za urefu, na hizo waliziunganisha kwa haki, nusu kwa nusu. Kilichobaki kilikuwa kuuchomeka kwenye kichwa cha kifaru, na hicho ni kitendo kimoja, huwezi kukigawa. Mpango wake ulikuwa waushike wote wawili kwa pamoja, Jumapili. Jumamosi jioni mama akamtuma pacha mkubwa Kabungu kumpelekea baba nguo na sukari, akae huko mpaka Jumanne amsaidie kuogesha ng'ombe, maana shule zilikuwa zimefungwa siku chache.

Jumapili asubuhi mama na bibi walikuwa shambani. Pacha mdogo alikaa mezani, mtutu mkononi, akaujaribu kwenye tundu lake bila gundi, akautoa, akaujaribu tena. Akasema tusubiri Jumanne. Nikamtazama na nikajua cha kufanya. Sikuhitaji hata kufikiri.

"Funga wewe," nilimwambia. "Kazi yote umeifanya wewe, yeye anabonyeza tu. Sitamwambia mtu."

Alisema bibi ameshakataza. Nikamwambia bibi hayupo. Alitazama njia ya kwenda Kabungu kwa muda mrefu, kama vile mwenzake angeweza kutokea pale. Halafu akachovya njiti kwenye gundi.

Mtutu ulinyooka. Sijaona kitu kilichonyooka vile. Alibaki ameinama, jicho sawa na meza, anauangalia kutoka nyuma mpaka mbele, na alikuwa anatabasamu peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwona mmoja wao akiwa na furaha ambayo mwenzake hana. Moyo wangu ulitulia. Nakumbuka nilikwenda kuosha vyombo bila kutumwa.

Pacha mkubwa aliporudi alikiona kifaru kimekamilika mezani. Akauliza nani amefunga mtutu. Pacha mdogo akanitazama mimi kwanza, kisha akasema, "Huyu. Si ni chake." Pacha mkubwa akanigeukia, akanipiga bega, akasema umenyooka kuliko vyote walivyofunga wao. Nikatikisa kichwa kukubali. Bibi naye alipouliza, nikatikisa tena. Kama mtutu nilifunga mimi, hakuna sheria iliyovunjwa.

Ijumaa adhuhuri pacha mkubwa alirudi kutoka uwanjani akitembea, na yeye hakuwa mtu wa kutembea. Jua linawaka, naye anatetemeka. Ilikuwa malaria, kitu cha kawaida, sote tulikuwa tunaugua kwa zamu. Akapewa klorokwini, akajikuna usiku kucha kwa ule muwasho wake. Jumamosi alikuwa anatapika kila anachomeza, macho yamegeuka manjano. Mama akambeba kwa baiskeli mpaka hospitali akachomwe kwinini. Kila mtu alisema ni malaria. Pacha mdogo peke yake ndiye aliyekuwa anajua kingine, yeye na mimi.

Alinikuta nyuma ya jiko nasugua sufuria. Uso wake ulikuwa wa majivu. Alichuchumaa karibu yangu.

"Niruhusu niseme," alisema.

Aliniomba ruhusa. Angeweza kwenda moja kwa moja kwa bibi, akasema, yakaisha. Lakini aliona kwamba siri ni yetu wawili na hawezi kuivunja peke yake. Ningeweza kumwambia sema. Niliogopa fimbo ya bibi, hilo ni kweli, lakini si fimbo iliyonifunga mdomo. Niliona yatakayofuata. Angesema, wangelia pamoja, wangesameheana, na kila kitu kingerudi kwao wawili kama kilivyokuwa siku zote. Mimi ningebaki yule aliyewaingilia. Kwa hiyo nilimwambia kwamba akisema, na mimi nitasema ni yeye aliyeniomba nimfiche. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi. Akaondoka.

Kaka yangu anaweza kufa: hivyo ndivyo tulivyoamini siku ile, wote wawili. Na mimi nikaendelea kusugua sufuria.

Jumatatu walimrudisha, amekonda, masikio yanavuma kwa sababu ya kwinini, akalazwa kwenye mkeka barazani. Pacha mdogo akakileta kifaru. Hakukiri kitu. Alisema tu, tazama kichwa kinavyozunguka, akaushika mkono wa mwenzake na kuupeleka taratibu kwenye mtutu, auguse, idadi iwe sawa. Bibi alikuwa anachambua maharage, hakuelewa. Mimi nilikuwa mlangoni, nikaelewa. Mkono wa mgonjwa ulikuwa mzito. Ulipoangukia mtutu, mtutu ukakatika kwenye shina.

Pacha mkubwa alikitazama kile kipande kiganjani mwake. Kisha akainua macho, hakumtazama pacha mwenzake, alinitazama mimi.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Ndicho kitu chako peke yako, na nimekiharibu."

Pale kila neno lingeweza kusemwa. Pacha mdogo alinitazama akisubiri nilitoe. Nilisema, "Haidhuru, kaka," nikaingia ndani.

Alipona. Kabla hajagusa mpira, yule mtu asiyeweza kutulia alikaa mezani alasiri nzima akanitengenezea mtutu mwingine kwa bomba la kalamu ya biki. Alikata kwa wembe, akajikata na yeye mwenyewe, akamkataza mwenzake asimsaidie. Ulitoka umepinda, unatazama chini kana kwamba kifaru kinatafuta kitu kilichokidondoka. Bibi akamlazimisha pacha mdogo naye auguse. Aliugusa kwa kidole kimoja, haraka, akaenda zake. Kifaru kilikaa juu ya kabati miaka kadhaa mpaka panya na kuhamahama vilipokimaliza.

Sasa wote watatu tuna nyumba zetu. Bibi alishazikwa, wala hakuna fimbo ya kuogopa. Kila tunapokutana kwa mama sikukuu, tukishakula, pacha mkubwa huwasimulia watoto wake habari za kile kifaru: kwamba shangazi yao alikitengeneza akiwa na miaka kumi na mitatu, kwamba mtutu aliufunga kwa mkono wake mwenyewe ukanyooka kuliko vyote, na kwamba yeye, na malaria yake, ndiye aliyeuvunja. Anasimulia kwa kujivunia, na bado kuna majuto kidogo kwenye sauti yake. Watoto wananigeukia. Mimi natabasamu.

Upande wa pili wa mkeka pacha mdogo anaacha kutafuna. Nimekuwa na miaka yote hii ya kusema, na sisemi. Nasubiri ainue macho. Huwa anainua kila mara, yanampita mwenzake aliyekaa naye bega kwa bega, yanakuja moja kwa moja mpaka kwangu. Kwa jambo hilo moja hana pacha mwingine ila mimi.